Meli ya usiku Mwanza–Bukoba: tuvae nini?

Wakuu, tuko wanne, miaka 19 hadi 21, hatujawahi kupanda meli. Tuvae nini, tutegemee nini?

—

Msidanganywe na joto la Mwanza mchana. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku upepo wa sitahani unapenya fulana kama chandarua. Suruali ndefu, sweta, koti la kuzuia upepo. Viatu vya soli ya mpira. Ngazi ni za chuma, umande ukishuka zinateleza. Ndala ziacheni kwenye begi.

—

Dada zangu, ongezeni kanga mbili: moja shuka, moja mto. Gauni refu linanasa kwenye ngazi.

—

Kichefuchefu: dawa mezeni saa moja kabla ya kuondoka, ukishaanza kutapika haikai tumboni. Kaeni katikati ya meli, chini, ndiko inakoyumba kidogo.

Mkipanda tu, ulizeni maboya yalipo, mjaribu kuyavaa na kufunga mikanda yake. Na msiamke mkashuka Kemondo, bandari ya kabla ya Bukoba, mkidhani mmefika!

—

Taa za sitahani huvuta vijidudu vya ziwani. Chai ifunikeni.