Mdogo wangu ameacha unga, anaweza kurudi uwanjani?

Mwana wa Mwanjelwa:
Wakuu ugonile, mdogo wangu alikua winga mzuri tu anakula mshahara wa mpira, akaingia kwenye unga (heroini) miaka mitatu tukawa tunamtafuta vijiweni usiku na baridi hii ya Mbeya mama analia. Sasa anakunywa methadoni, ile dawa ya kutibu uraibu wa unga, kila siku hospitali, huu mwezi wa tisa tangu aanze, ameanza kukimbia asubuhi. Anataka kurudi timu. Inawezekana kweli au namtia moyo bure?

Kaka wa Uyole:
Inawezekana kaka. Paul Merson wa Arsenal alikiri 1994 kwamba ana uraibu wa kokeini, pombe na kamari, akaenda kutibiwa na 1995 akarudi uwanjani. Bondia Tyson Fury nae alitumia kokeini akanenepa kupita kiasi, 2020 akampiga bondia mwenzake Wilder akabeba mkanda. Ila msimharakishe jamani, mwili unarudi mapema kuliko kichwa.

Dada Iringa:
Kitu kimoja muhimu, methadoni imekatazwa na WADA, shirika la dunia la kupinga dawa haramu michezoni, siku za mashindano, mazoezini haina shida. Aongee na daktari waombe kibali cha matibabu mapema, ASIACHE dozi ghafla kisa mechi!! Wengi wanarudia unga hapo, na akirudia kipimo chake cha zamani cha unga kinaweza kumuua maana mwili umeshasahau. Na vijiwe vile asipite hata kusalimia.

Mwana wa Mwanjelwa:
Hiyo ya kibali sikuijua kabisa, kesho naenda nae kliniki. Ndaga fijo dada.