Wanafunzi waliopanga mtaani kwetu: tuwaandike kwenye daftari la umoja au tuwaache?

MamaKulwa (Mwanza)

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwenu mnaoishi jirani na vyuo.

Mimi ni mweka hazina wa umoja wa wakazi wa mtaa wetu hapa Mwanza. Ni mtaa wa mlimani, nyumba zimepanda juu ya mawe kama mnavyoijua Mwanza. Gari linaishia chini kwenye duka la dawa, kuanzia hapo ni ngazi na vijia mpaka juu. Umoja tuliuanzisha kwa ajili ya misiba: turubai moja, viti hamsini, masufuria matatu makubwa. Baadaye ukaja ulinzi shirikishi wa usiku, halafu kuzibua mfereji kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana masika yakikuta mfereji umeziba, maji yanalala kwenye nyumba za bondeni. Kila kaya inachanga 2,000 kwa mwezi. Daftari ninalo mimi, kaunta buku ya jalada jeusi, kaya 87.

Chuo kiko upande wa pili wa kilima. Hosteli zake hazitoshi, kwa hiyo vijana wanapanga kwetu. Mimi mwenyewe nina vyumba vinne na vyote wamo wanafunzi. Kodi yao ndiyo iliyomfikisha Kulwa wangu kidato cha sita, siwezi kuwasema vibaya. Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa mwezi Machi mpaka vikafunguliwa tarehe 1 Juni, mtaa huu ulinyamaza kabisa. Mama wa chapati alizima jiko. Kijana wa steshenari alirudi kwao Sengerema. Hapo ndipo wengi tulipojua tunaishi na nani.

Sasa niwaambie kilichonileta.

Mwezi uliopita, saa nane usiku, mpangaji wangu mmoja wa mwaka wa pili aligonga dirisha langu. Nilipofungua mlango alikuwa amekaa chini, amekunja magoti, mkono umebana tumbo upande wa kulia, fulana imelowa jasho. Nikapuliza filimbi. Vijana wa zamu walifika watano. Bodaboda haipandi kwetu, na mgonjwa wa namna ile humbebi mgongoni. Wakang'oa mlango wa banda langu la kuku, wakamlaza juu yake, nikamfunga kwa kanga zangu mbili asiteleze. Wanne wakashika kona. Wa tano akatangulia na tochi, anashuka kinyumenyume, anamulika miguu ya wenzake na kuwatajia: "Jiwe. Ngazi. Ngazi. Jiwe, shika kushoto." Mpaka chini. Hata leo nikishuka peke yangu naisikia ile sauti.

Kilikuwa kidole tumbo. Alipasuliwa alfajiri ile ile na amepona, namshukuru Mungu.

Lakini pale hospitali nesi aliniuliza, mama, ndugu yake ni nani? Nikakaa kimya. Miezi kumi kijana analala kwangu, na sina namba ya baba yake. Simu yake ina nywila na mwenyewe hajiwezi kwa maumivu. Kijana mmoja wa zamu alikimbia mpaka getini kwa chuo. Mlinzi akamwambia ofisi zinafunguliwa saa mbili asubuhi. Saa mbili nikaenda mwenyewe, nikaambiwa orodha waliyonayo ni ya wanaolala hosteli, wa nje hawapo. Tulimpata baba saa tano, kwa kuzungushwa na wanafunzi wa darasa lake.

Baba alikuja na basi kutoka Kigoma, na galoni la mawese na migebuka mikavu imefungwa kwenye gazeti. Alipotoka kumwona mwanawe hakutaka hata chai. Alitaka kuonyeshwa vijana waliombeba. Akawashika mkono mmoja mmoja, wote watano, akiuliza jina la kila mmoja. Halafu akanigeukia: "Mama, mwanangu anachangia umoja wenu shilingi ngapi?" Nikamjibu kwamba wanafunzi hatuwaandiki. Akauliza kwa nini. Ndugu zangu, sikuwa na jibu.

Nimelipeleka kikaoni na kikao kimegawanyika. Wazee wanasema hawa ni wapita njia, leo wapo kesho wamehitimu. Vijana wanasema waandikwe na kila mmoja alipe 2,000 kama kaya, na kwa kuwa chumba kimoja wanalala wawili hadi watatu, hapo kuna fedha. Wengine wanasema tudai chuo chenyewe. Na hapo ndipo yanapofufuka yote ya zamani: muziki wa Ijumaa, maji ya paa la jengo lao jipya yanayoshukia kwetu, na madodoso. Kila mwaka wanakuja vijana na karatasi kutuuliza choo chetu ni cha aina gani na maji tunachota wapi. Tunajibu. Hakuna aliyewahi kurudi kutuambia majibu yetu yalisema nini. Hilo la madodoso linawauma watu kuliko muziki, amini msiamini.

Msimamo wangu ni kwamba anayelala mtaani kwetu ni mkazi wetu, na jina lake lazima liwepo kwenye daftari. Naomba mnisaidie namna ya kulifanya. Walipe au wasilipe? Chuo tukiendee vipi? Naomba kuwasilisha.

Mtendaji Mstaafu

Mama Kulwa, shikamoo kwa kazi hiyo, na poleni kwa usiku ule.

Nimekuwa afisa mtendaji wa mtaa kwa miaka mingi, si Mwanza, ila mambo ni yale yale. La kwanza, hoja ya wapita njia haina miguu. Tarehe 27 Novemba 2024 tulichagua wenyeviti wa mitaa. Mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 na kujiandikisha mtaani anapoishi alipiga kura kama wewe. Kama ana haki ya kumchagua mwenyekiti wa mtaa, atakosaje haki ya kubebwa akiugua? Waulize wazee wenu hilo kwa heshima.

La pili, fedha. Umoja wenu ni wa hiari. Mchango wa lazima unawekwa na sheria ndogo za halmashauri, haupitishwi na kikao cha umoja. Mkianza kumgongea mwanafunzi mlango usiku mkimdai 2,000, mtajikuta mnajibu kesi msiyoitarajia. Kuandikwa na kuchanga ni vitu viwili tofauti, vitenganisheni. Wote waandikwe. Anayetaka kuchanga achange, na anayechanga apewe stakabadhi.

La tatu, chuo. Msiende kundi zima getini. Andikeni barua moja, ukurasa mmoja, mwenyekiti wa mtaa aisaini na mtendaji agonge muhuri, iende kwa mshauri wa wanafunzi, nakala kwa serikali ya wanafunzi. Na msiweke malalamiko kumi. Muziki, paa na madodoso viacheni kwa sasa. Ombeni kitu kimoja: namba ya simu inayopokelewa usiku. Barua yenye ombi moja haina pa kupotelea, lazima ijibiwe ndiyo au hapana.

Zamu ya Usiku

Mimi nalinda, mtaa mwingine hapa hapa Mwanza. Naunga mkono waandikwe ila naongea kwa upande wa walinzi. Sisi wanafunzi hatuwajui sura. Wanatoka kujisomea saa saba usiku, tunawasimamisha, wanaona tunawaonea, sisi tunaona wanatudharau. Mwaka jana karibu tupigane na kijana mmoja kumbe amepanga nyumba ya nne kutoka kwetu. Mkiwaandika, waleteni siku moja tuonane uso kwa uso, wakati wa jua. Daftari peke yake halimtambulishi mtu gizani.

Binti wa Mwaka wa Tatu

Shikamoo mama. Shikamooni wote. Mimi ni mwanafunzi, nimepanga mtaani, si kwa mama Kulwa. Naomba mnisikilize maana hapa wote mnaongea kuhusu sisi.

Mwaka wa kwanza mtaa nilikopanga ulituandika: jina, chumba, kozi, namba ya simu. Nilifurahi, nikaona nimepokelewa. Baada ya wiki moja nikaanza kupigiwa usiku na namba nisiyoijua. Mtu ananiambia amevaa jaketi la kijani, nitoke nje anisalimie. Alikuwa mmoja wa waliokuwa wakizunguka na daftari. Wenzangu wawili walipigiwa pia. Nilihama chumba kabla kodi ya miezi sita haijaisha, na fedha yangu haikurudi.

Simaanishi vijana wenu mama, hao waliobeba mtu juu ya mlango ni watu. Ila ukiuliza kwa nini msichana anaandika namba ya uongo kwenye daftari la mtaa, sababu ndiyo hiyo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa ya mtu inachukuliwa kwa kazi iliyotajwa, na mwenye nayo anatakiwa kuilinda isifike kwa asiyehusika. Nilijifunza darasani nikiwa nimeshaumia.

Mimi ningeandika bila wasiwasi kama daftari lingekaa kwa mama mmoja, ndani ya sanduku lenye kufuli, na kama ningeulizwa namba ya mzazi, yangu iachwe. Ukiniona nimelala chini, utampigia mama yangu. Hutanipigia mimi.

MamaKulwa (Mwanza)

Mwanangu, marahaba. Pole sana. Nimekusoma mara tatu, na mara ya tatu nimemwita Doto naye asome.

Nakiri hapa mbele ya wote: kaunta buku yangu inakaa juu ya kabati la vyombo sebuleni. Mtu yeyote anayekuja kulipa anaifungua na kujitafutia ukurasa wake. Kwa miaka yote hiyo sikuona ubaya, maana sisi tunajuana. Hao mabinti hawatujui. Nimeitoa pale usiku huu.

Mtendaji, wabeja sana kwa hilo la kutenganisha kuandikwa na kuchanga. Kikao kizima tulikuwa tumevifunga pamoja.

Kwetu Iringa

Dada yangu, nami niongeze kidogo. Kazi za chuo kikuu ni tatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Hiyo ya tatu chuo hakikufanyii hisani, ni wajibu wake. Kwa hiyo ukishapata namba ya usiku na mkazoeana, ndipo mrudi na suala la maji ya paa na madodoso. Huku kwetu tulikubaliana hivi: anayetaka kuhoji wakazi anapitia kwa mwenyekiti, na akimaliza anarudi kwenye mkutano wa mtaa, anatusimulia kwa Kiswahili alichokipata. Dakika kumi zinatosha. Aliyekuja mara ya kwanza alitetemeka mikono, lakini watu walimpigia makofi, na bibi mmoja akamsahihisha kuhusu kisima kimoja alichokuwa amekiandika kimakosa.

Kuhusu mchango, wa kwetu wanaosomea ualimu hawalipi. Jumamosi wanafundisha hisabati watoto wa kidato cha pili kwenye ukumbi wa kanisa. Anayefundisha tunamhesabu amechanga. Mzazi yeyote anayelalamika kuhusu hilo sijamsikia.

Mtendaji Mstaafu

Hapo kwa Iringa naongeza neno moja. Ukimhesabia mtu kazi badala ya fedha, andika kwenye muhtasari wa kikao. Viongozi wakibadilika, kisichoandikwa wanakikana.

Na binti, pole. Ungekuwa mtaani kwangu ningemtoa huyo wa jaketi kwenye ulinzi siku hiyo hiyo.

MamaKulwa (Mwanza)

Ndugu zangu, narudi kuwapa taarifa. Jana Jumapili tulikaa, chini ya mwembe wa mwenyekiti, kuanzia saa kumi mpaka giza likaingia.

Hoja ya kura iliwanyamazisha wazee, isipokuwa mmoja. Yeye alisema kitu ambacho sikukitarajia. Alisema hapingi kuandikwa, anaogopa kuzoea: kila baada ya miaka mitatu watoto wanaondoka na hawaagi. Yuko peke yake ndani, mkewe alifariki, na wapangaji wake ndio wanaomsomea meseji kwenye simu. Tulikubaliana naye kwamba anayehama aje kufutwa jina kwa mwenye daftari, mwenyewe kwa miguu yake, na kupita kuaga.

Wataandikwa wote. Hakuna mchango wa lazima. Daftari lao ni jipya, litakaa kwangu kwenye sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo wa pili anao mke wa mwenyekiti. Tutaandika jina, nyumba, namba ya mzazi au ndugu, na ugonjwa kama upo, mfano pumu au kifafa, kwa anayependa kusema. Namba ya mwanafunzi mwenyewe hatuiulizi. Kiongozi wa zamu amekubali kuja Jumamosi mchana na vijana wake waonane na wanafunzi, wakati wa kuzibua mfereji. Mama wa chapati anatoa chai.

Barua ya chuo imeandikwa, ukurasa mmoja, ombi moja. Mtendaji wetu ataigongea muhuri kesho.

Kwenye vyumba vyangu vinne nimeanza usiku huu huu, kabla ya Jumamosi. Wapo saba, nimeshaandika sita, wa saba yuko kwenye kikundi cha kujisomea namsubiri arudi. Wa kwanza kuandika alikuwa yule kijana wa Kigoma. Bado anatembea ameshika ubavu. Ameniandikia namba mbili, ya baba yake na ya dada yake aliyeko Kasulu, halafu akaniuliza kama mlango wa banda la kuku umesharudishwa. Nikamwambia bado, kuku wanalala jikoni. Amesema kesho atakuja na nyundo.