Familia ya Bi Mwanaidi: nyumba ya Zuhura

IJUMAA JIONI

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Nina habari, nimeshindwa kusubiri mpaka Jumapili. Dalali ametuonyesha nyumba Kivule. Vyumba vitatu, sebule, jiko na choo vyote ndani. Milioni 48. Mimi na mume wangu Idi tumeipenda sana.

Bi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Alhamdulillah. Mungu awafungulie.

Shangazi Asha: Hongera mama! Kumpelekea mwenye nyumba wa Tabata kodi ya miezi sita kwa mpigo kumetosha jamani.

Mzee Hamisi: Marahaba. Ina hati, au ina karatasi ya serikali ya mtaa?

Zuhura: Ya serikali ya mtaa, baba mkubwa. Dalali anasema Kivule yote iko hivyo.

Mzee Hamisi: Si yote. Urasimishaji, yaani kupimiwa na kupewa hati, umepita mitaa mingi huko. Muuzaji ni nani? Alinunua mwenyewe au kaachiwa?

Zuhura: Ilikuwa ya marehemu baba yao. Anayeuza ni mtoto mkubwa.

Mzee Hamisi: Aonyeshe barua ya usimamizi wa mirathi, ya mahakama. Kuzaliwa wa kwanza hakumfanyi mtu kuwa msimamizi. Wako wangapi hao watoto?

Zuhura: Watatu. Mmoja yuko Mwanza, mmoja sijui.

Mzee Hamisi: Huyo usiyemjua ndiye atakayekuja na kesi ukishahamia.

Idi: Shikamoo baba mkubwa. Dalali anataka laki tano usiku huu, ya kuishikilia. Anasema kuna mtu wa Gongo la Mboto anakuja kesho asubuhi na hela yote mkononi.

Juma: Shemeji, usitoe hata mia. Kila nyumba inayouzwa Dar ina mtu anayekuja kesho asubuhi na hela yote. Kesho niko off, tunakwenda wote watatu.

JUMAMOSI

Juma: [picha] Tazameni ukuta wa sebule. Rangi mpya imeishia usawa wa kiuno, kuanzia hapo kwenda juu ni rangi ya zamani. Mtu akipaka rangi ili auze, anapaka ukuta mzima.

Juma: [picha] Hapa ni kona ya nyuma ya mlango. Nimekwangua kidogo kwa ufunguo, plasta inatoka unga na imeota chumvi nyeupe. Maji yamekaa humu, tena si mara moja.

Juma: Nimeongea na mama anayepika chapati nyumba ya pili. Anasema masika maji yanatoka mtoni, yanapita uani na kuingia mpaka ndani. Hao wenyewe masika huwa wanahamishia magodoro kwa ndugu zao.

Zuhura: Tumepiga hatua kutoka ukuta wa nyuma mpaka ukingo wa mto. Hazifiki arobaini.

Mzee Hamisi: Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo. Hapo siku yoyote mnaweza kuwekewa alama ya X ya kubomolewa, na fidia msiione. Mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu wa bondeni Msimbazi wakapelekwa Mabwepande? Wengi wao walikuwa na karatasi zao kabatini vilevile.

Zuhura: Nimelia kwenye daladala, sitaficha. Nilishapanga kitanda cha mwanangu Nasra kitakaa wapi.

Bi Mwanaidi: Lia mwanangu, ni haki yako. Hiyo haikuwa riziki yenu. Njoo kesho nimepika wali wa nazi na samaki.

Shangazi Asha: Mimi naomba niseme jambo. Kwa nini msinunue kiwanja mkajenga pole pole? Sisi hapa Tanga tulianza na msingi, tukakaa, tukapandisha boma, tukakaa, tukaezeka. Tulihamia madirisha yana mbao, milango ya ndani hakuna. Leo nyumba imekamilika na hatudaiwi na mtu.

Idi: Shikamoo shangazi. Tumeliwaza sana hilo. Shida ni kwamba wakati unajenga, kodi ya Tabata inaendelea, laki tatu na nusu kila mwezi. Kwa mwaka ni milioni 4 na laki mbili inakwenda kwa mtu mwingine. Na mabati na nondo havikusubiri. Jirani yetu boma lake limeota miti ndani, amebaki kulipa mlinzi tu.

Shangazi Asha: Marahaba. Hapo kweli unasema. Ila mkopo nao unatisha.

Idi: Nilipiga hesabu. Mkopo wa milioni 45 kwa riba ya asilimia 16, miaka 15, ni kama laki sita na sitini kwa mwezi. Mpaka unamaliza umelipa karibu milioni 119. Ukibana uwe wa miaka 10, kwa mwezi inapanda hadi laki saba na nusu hivi, lakini jumla inashuka hadi milioni 90 na kidogo. Miaka mitano ya ziada inakula zaidi ya milioni 28. Nilirudia hesabu hiyo usiku mzima.

Bi Mwanaidi: Idi mwanangu, hesabu nzuri, lakini hiyo ni riba. Mimi nyumba ya riba nitaingia vipi kuswali?

Idi: Ndiyo mama. Nalo limetukosesha usingizi.

Mzee Hamisi: Kuna njia. Benki ya Amana ipo tangu 2011, na benki nyingine kadhaa zina dirisha la Kiislamu, huduma isiyo na riba. Kwenye murabaha benki yenyewe inanunua nyumba, inakuuzia kwa bei ya juu mnayokubaliana, unalipa kidogo kidogo. Bei ikishaandikwa haipandi. Kaulizeni sehemu zaidi ya moja, na mwende na maswali yenu yameandikwa.

Juma: Lakini huko wote watataka nyumba yenye hati. Karatasi ya serikali ya mtaa haitawafikisha popote.

MWEZI ULIOFUATA, JUMATANO

Zuhura: Shikamooni. Tumeona nyumba nyingine, Buyuni, upande wa Chanika. Kiwanja kina hati ya miaka 99. Anataka milioni 75, tumefika 70.

Mzee Hamisi: Buyuni ya ule mradi wa viwanja 20,000?

Zuhura: Hiyo hiyo baba mkubwa. Barabara zimenyooka, na kila kiwanja kina namba.

Mzee Hamisi: Afadhali. Sasa msiangalie hati kwa macho tu. Fanyeni upekuzi Ardhi, mjue jina lililoko kwenye daftari lao ni la nani, na kama kuna rehani au zuio. Ulizeni pia deni la kodi ya pango la ardhi.

Juma: Nilikwenda kuangalia bikoni, yale mawe ya mpaka. Tatu nimeziona, namba inasomeka. Ya nne imejificha chini ya ua wa michongoma wa jirani. Tulimwita, akaleta panga akafyeka mwenyewe, ikaonekana. Mzee mstaarabu kabisa, ameniambia hawana ugomvi wa mpaka.

Juma: Jambo jingine. Ombeni risiti ya LUKU ya karibuni. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, mita yenye madeni mtarithi nyie.

Shangazi Asha: Na maji?

Zuhura: Kisima cha jirani, ndoo moja shilingi mia mbili. Bomba limefika barabarani, kuvuta ni gharama yetu. Kazini ni mbali kwangu shangazi, itabidi nitoke nyumbani kabla ya alfajiri nikiwa zamu ya asubuhi. Hilo linaniumiza, lakini nalikubali.

IJUMAA

Idi: Upekuzi umerudi. Jina ni lake kweli. Lakini kuna rehani. Hati iko benki, anadaiwa milioni 11.

Bi Mwanaidi: Inna lillahi. Na hakusema?

Idi: Hakusema mama. Nimempigia, akanyamaza kwanza, kisha akasema alikuwa na nia ya kulipa kwa hela yetu.

Juma: Acheni hiyo nyumba.

Mzee Hamisi: Juma, ngoja. Rehani ni deni, wapo watu wengi waliouza nyumba yenye rehani na uhamisho ukaenda salama. Ila hela isipitie mikononi mwake. Kwenye mkataba wakili aandike kwamba milioni 11 zinakwenda moja kwa moja kwenye benki inayomdai, benki inatoa hati na barua ya kufuta rehani, rehani inafutwa kwenye daftari la Ardhi, ndipo yeye anapata kilichobaki. Akikataa utaratibu huo, mwacheni.

Zuhura: Amekubali.

JUMATATU

Zuhura: Kumbe kuna lingine. Wakili amemuuliza muuzaji kama ana mke. Anaye, yuko Masasi anamuuguza mama yake. Na hajui kama nyumba inauzwa.

Shangazi Asha: Ya Rabi.

Mzee Hamisi: Hapo simameni kabisa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzake. Asiposaini, anaweza kuupinga uuzaji mahakamani, na mtakuwa mmeshalipa.

Idi: Mume anasema wakili aandike tu kwamba mke yuko mbali, yeye atatafuta sahihi.

Bi Mwanaidi: Hapana. Sahihi ya kutafutwa hiyo ni nini? Mwanamke mwenzetu kapika humo, kalea humo. Mimi siwezi kukaa kwenye nyumba ambayo mwenyewe hakuambiwa.

Zuhura: Mama, na mimi nimewaza hivyo hivyo. Nimemwambia Idi tukose kabisa kuliko kuingia kwa mlango huo. Nimeomba namba ya yule dada, nitampigia mwenyewe.

JUMATANO USIKU

Zuhura: Nimeongea na yule dada wa Masasi. Mwanzo alikata simu. Nikamtumia ujumbe kwamba mimi ni muuguzi, nina mtoto mmoja, nataka kununua nyumba yake na sitatoa senti mpaka aseme ndiyo kwa mdomo wake. Akanipigia baada ya isha. Tumeongea mpaka simu ikaishiwa chaji.

Zuhura: Alijua kuna mkopo, ule alisaini. Hakujua kwamba mume ameshindwa kulipa na benki imeshaandika barua. Ameumia sana kuficha huko kuliko hata nyumba. Anasema kama ni kuuzwa basi iuzwe wao wenyewe wakiwa na sauti, kuliko benki kuipiga mnada.

Bi Mwanaidi: Maskini. Umemjibu nini?

Zuhura: Nilimwambia asiharakishe kwa ajili yetu. Anataka kitu kimoja, hela itakayobaki iingie kwenye akaunti yenye majina yote mawili, wanunue kiwanja kidogo Masasi. Nimempelekea wakili, amesema linaandikika. Mume naye amekubali.

Shangazi Asha: Zuhura, Mungu akulipe. Wengi wangechukua ile sahihi ya kutafutwa.

IJUMAA, WIKI ILIYOFUATA

Idi: Yule dada amefika Dar na basi la jana. Leo ametia sahihi mwenyewe mbele ya wakili, na kidole gumba. Benki yetu ya murabaha nayo imekubali. Sisi tunatoa milioni 25, wao 45, tunawarudishia jumla milioni 84 kwa miaka 10, laki saba kila mwezi, haiongezeki. Tumepima kwenye mishahara yetu miwili, theluthi ya kila mmoja inabaki na zaidi.

Mzee Hamisi: Vizuri sana. Sasa gharama za uhamisho msije mkashtuka. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, kwa milioni 70 ni laki saba, huo kawaida unalipwa na mnunuzi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, na bila cheti cha TRA uhamisho hauendi. Muulizeni wakili iandikwe kwenye mkataba nani analipa nini, tathmini ikiwemo.

Zuhura: Imeandikwa baba mkubwa, ukurasa wa tatu. Niliusoma kwa sauti, neno kwa neno, na yule dada akiwa pembeni.

Juma: Serikali ya mtaa mmepita?

Idi: Tumejitambulisha kwa mwenyekiti na mjumbe. Waliomba mchango, tukatoa uliokuwa na risiti.

Bi Mwanaidi: Mwanangu, nyumba yako. Mimi baba yako aliniacha kwenye chumba cha kupanga, leo mtoto wake ana hati. Sijui niseme nini, nalia tu hapa.

Zuhura: Mama usilie. Bado hati haijabadilishwa jina, mpaka Ardhi wamalize. Ila funguo tunakabidhiwa mwisho wa mwezi, yule dada ameomba muda wa kufungasha na kuvuna mihogo yake ya nyuma.

Bi Mwanaidi: Mpeni muda wote anaoutaka. Na mihogo midogo msiing'oe.

Juma: Nani ana namba ya mtu mwenye Kirikuu? Vitu vya Tabata vinaweza kwenda kwa safari mbili.

Shangazi Asha: Mimi nakuja Alhamisi ile, nalala kwenu. Nileteni orodha ya vitu vya jikoni ambavyo hamna, sufuria kubwa ninayo.

Idi: Karibu sana shangazi. Zuhura anaandika orodha sasa hivi. Tunaanza na pazia, madirisha yote ni matupu.

Mzee Hamisi: Kabla ya pazia badilisheni vitasa vyote vya milango. Nitaleta fundi siku hiyo hiyo ya funguo.