Changuu ina jina lake! Nani kawapa ruhusa ya kuifuta?

Assalaam alaykum wanajukwaa. Hili la jina la Changuu, kisiwa chetu kidogo karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, limenifika kooni, leo nalitoa.

Piteni Shangani na Forodhani mtazame mabao ya boti za watalii. Yote yanakiita "Prison Island", yaani Kisiwa cha Jela. Juzi nilikuwa na mgeni wangu kutoka Wete, nikamuuliza kijana wa boti nauli ya kwenda Changuu. Akanikodolea macho: "Mzee, Changuu ndo wapi?" Mtoto wa Malindi huyo! Kisiwa kiko mbele ya macho yake tangu azaliwe, na jina lake hajapata kuambiwa. Simlaumu yeye. Nawalaumu wakubwa waliomfundisha kazi.

Na hiyo jela yenyewe ni ipi? Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alianza kumwundia Sultani wetu Sayyid Barghash jeshi 1877, na 1891 akawa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Sultani. Mwaka 1893 akakinunua kisiwa, anataka jela. Majengo yakasimama kweli, ila hakikufungwa kiumbe ndani yake! Yakageuzwa karantini, abiria wa melini walioshukiwa kuwa na homa ya manjano wakawa wanashushwa pale. Yaani nia ya mtu mmoja, nia ambayo hata haikutimia, ndiyo imelifunika jina ambalo wavuvi walikipa kwa samaki changu. Zaidi ya miaka mia sasa!

Kibaya zaidi, jina la uongo linazaa hadithi za uongo. Nimewasikia papasi, hawa vijana wanaowaandama watalii kuwatembeza, kwa masikio yangu wakiwasimulia wageni jinsi wafungwa wa Mwingereza walivyoteswa Changuu. Wafungwa gani? Waliowahi kuzuiliwa pale ni watumwa, kabla ya Mathews, na hao ndio hawatajwi! Wageni wanalia kwa mambo yasiyotokea, yaliyotokea yanapitwa kama hayapo. Halafu wanaonyeshwa kobe kana kwamba nao ni wa jela, na wazee wa kobe hao waliletwa kutoka Shelisheli, 1919.

Chapwani, kisiwa jirani, nayo hivyo hivyo, eti "Grave Island", Kisiwa cha Kaburi, kwa kuwa Waingereza walizika mabaharia wao huko, wakiwemo wa meli ya Pegasus iliyopigwa na Wajerumani bandarini kwetu Septemba 1914. Makaburi yaheshimiwe, sina neno. Lakini kaburi halimiliki kisiwa kizima.

Tazameni mitaa ya Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu: Kwa Bintiamrani, Kwa Haji Tumbo, Kwaalinatu. Majina ya watu waliokaa na wenzao, majirani wakawataja mpaka mtaa ukashika. Hakuna aliyepitisha hati. Hiyo ndiyo njia yetu ya kutaja pahala, na inatupwa kwa ajili ya ubao wa biashara.

Msinambie watalii hawaliwezi jina. Kilimanjaro wanalitamka, Serengeti wanalitamka, Changuu iwashinde?

Wanaotoa leseni za kutembeza wageni waweke sharti: Changuu na Chapwani ziandikwe kwanza, kwa herufi kubwa. Skuli zetu za mjini ziwapeleke watoto wakasimuliwe habari kamili. Na nyinyi wenye boti mliomo humu, nakujueni mpo, nijibuni hapa hapa: nani ataanza kubadilisha ubao wake?