Kuviuzia vyuo vya umma California: cheti cha biashara ndogo na cha DVBE (biashara ya askari mstaafu mwenye ulemavu), tuanze na kipi?

SabuniNaTishu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za huko. Tuna LLC (kampuni yenye dhima yenye kikomo) ndogo Sacramento. Tunauza karatasi za chooni, taulo za karatasi, sabuni za kusafishia sakafu na tona za printa. Mume wangu alitumikia jeshi la Marekani, na VA (wizara ya maaskari wastaafu) imempa asilimia 30 ya ulemavu uliotokana na utumishi. Kwenye LLC mimi nina asilimia 60, yeye 40. Tunataka kuingia kwenye manunuzi ya vyuo vya umma. Je, kwa umiliki huu tunaweza kupata cheti cha DVBE? Tukikipata, vyuo vinalazimika kutununulia? Na je, cheti cha serikali kuu cha biashara za maaskari wastaafu kinakubalika huku?

---

HatiNaMihuri

Dada, nianze na umiliki maana hapo ndipo maombi yanapokwama. Kwa 60 kwa 40 DVBE hampati. California inataka angalau asilimia 51 iwe ya askari mstaafu mwenye ulemavu usiopungua asilimia 10, naye awe mkazi wa jimbo. Asilimia 30 za mzee zinatosha kabisa. Ila kwa LLC masharti ni makali zaidi: DGS, idara ya jimbo inayotoa vyeti hivi, inataka imilikiwe yote, asilimia 100, na wastaafu wa aina hiyo. Kwa hiyo kumwongezea hadi 51 ndani ya LLC hiyohiyo hakuwasaidii kitu. Ama aichukue yote, ama mbadilishe muundo wa kampuni, na hilo msilifanye kabla ya kukaa na mhasibu wa kodi.

Jambo la pili ni uendeshaji. Shughuli za kila siku lazima ziwe chini ya mstaafu mwenye ulemavu. Kama mzee ana ajira nyingine ya kutwa, na wewe ndiye unayesaini hundi, unayepanga bei na unayeongea na wauzaji wa jumla, basi karatasi zitamtaja yeye huku benki ikikutaja wewe. Wakaguzi wanalitazama hilo.

Ushauri wangu: msihamishe hisa kwa ajili ya cheti tu. Ombeni kwanza cha biashara ndogo. Hicho hakijali nani ni askari. Kinataka biashara inayojitegemea, ofisi kuu iwe California, wenye mali wakae California, wafanyakazi wasizidi 100 pamoja na wa kampuni dada, na wastani wa mapato ya miaka mitatu ya kodi usivuke kiwango cha DGS. Maombi yanafanyika Cal eProcure, tovuti ya manunuzi ya jimbo. Siku mkiwa tayari kwa DVBE, andaeni barua ya VA inayotaja asilimia ya ulemavu, na iwe mpya, si ile iliyolala kabatini.

Cheti cha serikali kuu, ambacho tangu 1 Januari 2023 kinatolewa na SBA (shirika la serikali kuu la biashara ndogo) badala ya VA, hakichukui nafasi ya DVBE. Ni milango miwili tofauti.

---

ZabuniSafi

Naongezea upande wa mnunuzi. Hakuna chuo kinacholazimika kukununulia wewe. Kilichopo ni malengo ya jumla: asilimia 25 ya matumizi kwa biashara ndogo na asilimia 3 kwa DVBE. Malengo hayo yanamfanya afisa ununuzi akutafute, lakini bei na uwezo wa kufikisha mzigo bado ni vyako.

Halafu usiseme "vyuo" kana kwamba ni mteja mmoja. UC (Chuo Kikuu cha California) ina kampasi 10 na utaratibu wake wa Small Business First, unaolenga manunuzi ya kati ya dola 10,000 na 250,000. CSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la California) ina kampasi zaidi ya 20 na ofisi ya ununuzi kila kampasi. Vyuo vya jamii viko chini ya wilaya 73, kila moja na bodi yake, na kima cha kulazimisha zabuni ya wazi kinarekebishwa kila mwaka. Ukitaka kuanza vyema, chagua kampasi mbili tatu ambazo gari lako linafika bila gharama kubwa.

Njia yenye faida zaidi kwa mdogo ni ile ya nukuu mbili. Sheria ya jimbo inaruhusu manunuzi ya zaidi ya dola 5,000 hadi chini ya 250,000 yafanyike bila zabuni ya wazi, mradi mnunuzi apate nukuu za bei kutoka kwa biashara ndogo mbili zenye cheti, au DVBE mbili. Angalia hapo: mbili za kundi moja. Nukuu moja ya biashara ndogo na moja ya DVBE isiyo na cheti cha biashara ndogo hazihesabiki pamoja. Ndiyo sababu DVBE wengi wanabeba vyeti vyote viwili, na ndiyo sababu afisa anaweza kukupigia simu Ijumaa jioni akihitaji nukuu ya pili. Ijibu siku hiyohiyo, hata kama unajua hutashinda, kwa sababu kesho ndiye atakayekukumbuka.

Kwenye zabuni ya wazi, biashara ndogo inapewa upendeleo wa asilimia 5 ya bei ya chini kabisa, usiozidi dola 50,000. Mfano: kampuni kubwa imetoa 80,000, nanyi 83,500. Asilimia 5 ya 80,000 ni 4,000. Bei yenu kwa kulinganisha tu inakuwa 79,500, mnashinda, na mnalipwa 83,500 zenu kamili. Mngetoa 84,200 mngeanguka. Na ni salama zaidi cheti kiwe hai kabla ya siku zabuni inapofungwa.

Kosa lingine la kimyakimya ni namba za bidhaa kwenye wasifu wenu wa Cal eProcure. Wanunuzi wanatafuta kwa namba za UNSPSC, mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa namba. Ninyi wekeni 14111704 kwa karatasi za chooni, 14111703 kwa taulo za karatasi, 47131800 kwa sabuni na viuavijidudu, 44103103 kwa tona. Chagueni na kaunti mnazofika. Wasifu wenye neno "vifaa" peke yake hauonekani na mtu.

---

SabuniNaTishu

Asanteni sana, ndugu zangu. Swali la mwisho: hatuna ghala kubwa. Je, muuzaji wa jumla anaweza kupeleka mzigo moja kwa moja chuoni, sisi tukatoa ankara tu? Nauliza hasa kwa siku tutakapokuwa na DVBE.

---

HatiNaMihuri

Hapo ndipo pa kuwa makini kuliko kote, dada. Sheria inaitaka DVBE ifanye kazi halisi ya kibiashara: ijadili bei yenyewe, iamue ubora na idadi, iagize, na imlipe muuzaji kwa fedha zake. Asiyekuwa na umiliki wa mzigo, wala kuushika, wala kuusimamia, wala kubeba hasara ukiharibika, anahesabiwa dalali, na sehemu yake haihesabiwi kuwa ushiriki wa DVBE. Mkipitisha ankara tu huku lori, risiti na hatari vyote ni vya mwingine, mko upande mbaya.

Fomu inayoitwa PD 843 inasainiwa na mmiliki mwenyewe chini ya kiapo kwamba yeye si dalali. Adhabu ya kudanganya ni faini nzito ya kiraia pamoja na kufungiwa kufanya biashara na jimbo, kwa hiyo mzee asiisaini kwa haraka mezani kwa kampuni kubwa inayotafuta jina lake tu.

Ghala kubwa si lazima. Kodini stoo ndogo, mpokee mzigo, mhesabu katoni, kisha mpeleke kwa gari lenu. Kwa kila oda wekeni faili moja: oda ya chuo, oda yenu kwa muuzaji wa jumla, uthibitisho wa malipo yenu kwake, na hati ya kupokelea iliyosainiwa kwenye ghala la chuo.

---

ZabuniSafi

Na ankara ibebe namba ya oda ya chuo, mistari ifuatane na ya oda, na bei ya usafirishaji iwe ndani ya nukuu tangu mwanzo. Oda ikisema katoni 40 za taulo na ghala likapokea 38, toeni ankara ya 38 na muandike mbili zinafuata. Mkidai 40, malipo yote yanasimama hadi hesabu zilingane.