Yah: Cheti kiko wima kwa mama, ofisini kinafika kimelala

Mbukwenyi ndugu zangu, na wakubwa wote shikamooni.

Nakamilisha maombi ya kibali cha ukaazi huku Ujerumani, na vyeti halisi viko kwa mama, Nkuhungu, Dodoma. Amenipigia picha cheti changu cha kuzaliwa na cheti cha ndoa, akanitumia kwa WhatsApp kama dokumenti ili visipungue ubora. Cha kuzaliwa kiko wima kwake, kwangu pia kiko wima, lakini nikikipandisha kwenye mfumo wa ofisi kinalala ubavu. Wamekirudisha mara mbili. Cha ndoa kimelala tangu kwenye simu yake mwenyewe. Mama anaona amekosea, ameanza kuogopa hata kushika simu. Nifanyeje?

Dada yenu, Leipzig

----------

Dada, mbukwa.

Kwanza mwambie mama hajakosea lolote. Mimi nina steshenari jirani na Soko la Majengo, na haipiti wiki bila mzazi kuingia na bahasha ya kaki mkononi, anataka vyeti vimfikie mtoto aliye ng'ambo. Wengi huja wakiwa wameshagombezwa kwenye simu. Inaniuma, maana kosa si la mikono yao.

Vyeti vyako vina matatizo mawili tofauti, ingawa kwa macho yanafanana.

Tuanze na cha ndoa. Hapa Dodoma kwa ujenzi ulivyo siku hizi kila mtu amemwona fundi na timazi yake: uzi una kizito chini, ukiuning'iniza unakuonyesha chini ni wapi. Ndani ya simu mna kitu cha namna hiyo, kihisi kinachoitwa akselerometa. Ni kipande cha silikoni kidogo kuliko punje ya uwele, kimeshikiliwa na vijisipringi vyembamba sana. Mvutano wa dunia unakivuta, kinasogea kidogo mno, na umeme unaokizunguka unabadilika. Simu inapima badiliko hilo katika pande tatu, inajua imesimama, imelala ubavu, au imepinduliwa kichwa chini.

Sasa mfikirie mama. Ameweka cheti mezani, ameinama, simu ameilaza juu yake, kamera inatazama chini moja kwa moja. Mvutano wote unapita kutoka kwenye kioo kwenda mgongoni mwa simu. Upande wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia vyote vimekuwa sawa. Timazi haina la kusema. Hata akiizungusha simu vipi ikiwa imelala hivyo, haitajua. Kwa kawaida inabaki na mwelekeo wa mwisho iliokuwa nao kabla ya kulazwa, na kama aliitoa mkobani ikiwa ubavu, basi cheti kinaandikwa kuwa ubavu.

Dawa: aisimamishe simu wima mbele ya uso wake, asubiri alama za kamera kwenye kioo zisimame, halafu aiinamishe polepole. Bora zaidi abandike cheti ukutani kwa gundi ya karatasi pembeni, asimame mbele yake. Afanyie ndani lakini. Najua kwa nini akina mama wanalaza vyeti na kuviwekea kijiwe: upepo wa mwezi wa saba na wa nane hapa haukuachii karatasi.

Cha kuzaliwa ni habari nyingine, na hiki ndicho kinachowachanganya watu. Unapopiga picha simu ikiwa wima, mara nyingi simu haiizungushi picha yenyewe. Kihisi cha kamera kimepangwa kwa kulala, kwa hiyo picha inahifadhiwa imelala, na pembeni simu inaandika namba moja kwenye taarifa za picha zinazoitwa EXIF. Namba hiyo huanzia 1 hadi 8. Ikiwa 1, onyesha kama ilivyo. 3, pindua juu chini. 6, zungusha robo mduara kuelekea kulia. 8, robo mduara kuelekea kushoto. Zilizobaki ni za picha zilizogeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia. Kuandika namba ni kazi nyepesi kuliko kuhamisha nukta milioni 12 kila unapobonyeza.

Simu ya mama inaisoma namba hiyo, yako pia. Mfumo wa ofisi hausomi, unaonyesha picha ilivyolala. Si ajabu: Windows 7 ilikuwa hivyo hivyo, na Chrome na Firefox zimeanza kuifuata zenyewe kwenye kurasa za wavuti mwaka 2020 tu. Na kwa kuwa mlituma kama dokumenti, faili limekuja na namba yake bila kuguswa. Lingetumwa kama picha ya kawaida, WhatsApp ingelitengeneza upya likiwa wima.

Kwa hiyo huna haja ya kumsumbua mama. Fungua picha hiyo kwenye simu yako, kata ukingo kidogo tu, hifadhi nakala. Kukata kunailazimisha programu kuziandika nukta upya. Kubonyeza kitufe cha kuzungusha peke yake usikutegemee, maana programu nyingine hubadilisha namba tu na utarudi pale pale.

Kaka yako, Majengo

----------

Naongezea dogo. EXIF hiyo hiyo inaweza kubeba mahali picha ilipopigwa, ikiwa kamera imeruhusiwa kutumia GPS. Ukituma kama dokumenti, mahali nyumba ya wazazi ilipo panasafiri na cheti. Mzimieni mama ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya kamera.

Toronto

----------

Asanteni sana. Cha kuzaliwa nimekikata ukingo, leo mfumo umekionyesha wima. Cha ndoa mama amekibandika kwenye mlango wa kabati, amekipiga mara moja tu, kimetoka kizuri hadi mhuri unasomeka. Nimemsomea maneno ya kaka wa Majengo kwa sauti, akaniomba nirudie pale pa timazi. Marehemu baba alikuwa mwashi.

Ofisi sasa wanataka tafsiri ya Kijerumani iliyothibitishwa. Nitaandika barua yake peke yake kesho.