Naombeni ushauri: bendi yetu imealikwa runingani mara ya kwanza, tupige laivu au plebeki?

Wadau, salamu kutoka Umoja. Sisi ni bendi ya roki ya watu wanne: magitaa mawili, besi na dramu. Kituo kimoja cha runinga hapa Nairobi kimetualika kwenye kipindi chake cha Jumamosi jioni, na furaha tuliyo nayo haisemeki.

Shida ni kwamba mtayarishaji anataka tulete wimbo uliokwisha kurekodiwa, upigwe, nasi tufuatishe kwa midomo na vidole tu, yaani plebeki. Anasema studio ni ndogo, dramu itaingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji na kufunika sauti yake. Hilo namwelewa. Lakini roki bila jasho ni nini? The Beatles walipotokea runingani New York tarehe 9 Februari 1964, watazamaji wakiwa kama milioni 73, walipiga na kuimba wenyewe.

Mpiga dramu wetu amekataa katakata kuigiza. Mimi nafikiria njia ya kati: mwimbaji aimbe papo hapo juu ya ala zilizorekodiwa, au tutumie dramu za umeme na kuchomeka magitaa moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), bila amplifaya. Kuna aliyewahi kufanya hivyo? Inasikikaje kwa mtu aliyekaa sebuleni na spika ndogo ya runinga?

Halafu, nyimbo ni zetu lakini hatujazisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Tusajili kabla ya kwenda hewani, au inaweza kungoja? Waliopitia haya, tafadhali tuelekezeni.